Raba ngumu haiponyi injini inayotetemeka

Naomba tumalizane na hili, maana nimechoka kulijibu kwenye maduka ya spea, kijiweni na kwenye simu usiku. Mtu kabadilisha injini, gari linatetemeka, na ushauri anaopewa Dar nzima ni mmoja: "Mauntini zako laini hizo, weka raba ngumu." Mauntini ni vile vishikizo vya raba ambavyo injini hukalia juu ya chesisi.

Wiki hii imekuja Land Rover 109, Series III. Imetolewa injini yake ya petroli ya cc 2286, ikawekwa ya dizeli ya Toyota Hilux, ile aina inayoitwa 2L. Palipotakiwa kuwa na mauntini nimekuta vipande vya tairi la lori, vimekazwa bolti mpaka vimefura pembeni. Mwenye gari anasema raba za kwanza zilitetemesha, akashauriwa aweke ngumu, mtetemo ukazidi. Na bado ananiuliza: "Fundi, hakuna ngumu zaidi ya hizi?" Mzee wangu, ngumu zaidi ya hizo ni chuma.

Injini ya silinda nne, hata iwe nzima kabisa, inapiga mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki, shafti kuu ya injini. Ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 750 kwa dakika, hayo ni mapigo 25 kwa sekunde. Sasa, injini iliyokaa juu ya raba nayo ina mdundo wake yenyewe: kasi ambayo ingecheza kama ungeisukuma mara moja ukaiachia. Raba inaanza kumeza mtetemo pale tu mapigo yanapouzidi mdundo huo kwa karibu mara 1.4. Kwa mapigo 25, mdundo unatakiwa uwe chini ya 17 hivi, na ukishuka zaidi ndiyo raha. Raba ngumu inaupandisha. Ukifika 20, ukifika 25, raba haimezi tena, inakuza! Hapo ndipo vioo vya pembeni vinapoonyesha ukungu mtupu na usukani unakufa ganzi mkononi. Kisha mtu anakanyaga mafuta kidogo, gari linatulia, anaamua kupandisha sailensi na kutangaza amepona. Hajapona, anachoma dizeli bure.

Kweli, magari ya mashindano hufungwa ngumu, wengine chuma kwa chuma. Hiyo ni injini ya mbio na dereva aliyeziba masikio. Kwenye gari la kwenda Kariakoo na familia, ni sawa na kusimika mashine ya kusaga sebuleni.

Watu wanaogopa raba laini kwa sababu wakifungua boneti wanaona injini inanyanyuka. Inatakiwa inyanyuke! Injini na gia boksi vimefungwa kitu kimoja, kwa hiyo mauntini hazibebi torki (nguvu ya kuzungusha) ya injini peke yake, zinabeba ile inayotoka nyuma kwenda kwenye propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Tuseme injini inatoa Nm 160 na gia ya kwanza inazidisha mara 3.5: mauntini zinapokea 560. Hapo hujaweka lo, ile gia nzito ya matope na milima, ambako boksi la pili la Land Rover linazidisha tena zaidi ya mara mbili. Ukienda mbele, upande wa kushoto, wa abiria, unavutwa juu, na wa kulia unakandamizwa. Rivasi ni kinyume chake. Raba huvumilia kukandamizwa, kuvutwa haipendi, ndiyo maana ya kushoto ndiyo hukatika kwanza, halafu mtu anasema "feki hizi".

Si feki. Breketi, kile chuma kinachoshikilia mauntini, ndiyo mbaya. Mauntini nyingi za kiwandani hulazwa kwa pembe, kushoto na kulia zikitazamana, ili raba isibaki ikining'inia na kuvutwa na bolti moja ya katikati. Ukipeleka kazi kwa wachomeleaji wa Gerezani bila kipimo utachongewa bamba bapa, kwa kuwa bapa ni rahisi kuchomelea. Fundi wa kuchomelea halaumiwi, hukumwambia pembe.

Mimi nafuata raba za gari ilikotoka injini. 2L ikae kwenye mauntini za Hilux, na breketi zifuate pembe za Hilux. Shaurimoyo zipo za mtumba, ila kagua pale raba inapokutana na chuma, ufa ukiwepo rudisha. Breketi zishikizwe kwa nukta tu raba ikiwa mahali pake, kisha raba itoke kabla ya kuchomelea kamili, joto huiachanisha na chuma. Bolti zote ziwe legevu, injini ikae kwa uzito wake, itikise, ndipo ukaze. Raba iliyokazwa ikiwa imejipinda haitakuwa na maisha.

Kuna kitu kinanikera bado. Mbele unaweka raba za Toyota, gia boksi inabaki kwenye raba za Land Rover. Kuna siku vinaelewana, kuna siku havielewani, na kanuni sina. Hata ile 17 sijawahi kuipima kwenye gari. Vitabuni ugumu wa raba una namba, mtaani tunabonyeza kwa ukucha.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni mauntini kweli. Mtetemo unaokuja na mwendo, tuseme kwenye 80, na haukomi ukiweka nyutro, mara nyingi ni wa propela: gia boksi imeshushwa au imepandishwa, pembe za krosi mbili, yale maungio ya kila ncha ya propela, hazilingani tena. Legeza pia ekzosi. Kwenye 109 hiyo bomba lilichomelewa moja kwa moja kwenye chesisi, tulipolikata tu usukani ukapoa sana, raba bado zilezile za tairi.

Na weka waya mnene wa ethi kutoka injini hadi chesisi. Raba haipitishi umeme, usipouweka umeme wa stata utajitafutia njia kwenye kebo ya pedali ya mafuta. Kebo ikianza kufuka moshi, tafadhali usinipigie kuuliza raba ngumu.