Nyuzi 170 za bodi ya saketi si kiwango cha kufanyia kazi

Mafundi wengi wa Lubumbashi wanaotengeneza vidhibiti vya tanuu za shaba huamini kwamba bodi ya saketi iliyoandikiwa nyuzi 170 za Selsiasi huweza kufanya kazi mfululizo katika joto hilo. Sivyo. Namba hiyo huonyesha mahali ambapo resini ya epoksi, gundi ngumu inayoshikilia bodi, hupoteza ugumu wake na kuanza kulainika. Haiyeyuki, lakini unene wa bodi hutanuka mara kadhaa kuliko awali, ilhali shaba iliyo kwenye kuta za vitundu vinavyounganisha tabaka za bodi hutanuka sehemu 17 hivi tu kwa milioni kwa kila nyuzi moja, hivyo bodi huivuta shaba hiyo hadi ipasuke. Nilikata bodi moja iliyoharibika nikaitazama kwa lenzi: ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umekizunguka kitundu kizima, nao ulikuwa ukiachana bodi ilipopata moto tu, ndiyo maana kila ilipopimwa mezani ilionekana nzima. Hata bila kufika nyuzi 170, kupanda na kushuka kwa joto kila siku huichosha shaba. Palipo na joto kali la kudumu napendelea bodi ya poliimidi, resini nyingine inayostahimili joto zaidi, ambayo hulainika karibu na nyuzi 250 au zaidi, ingawa hunyonya unyevu na lazima ikaushwe kwenye oveni kabla ya kulehemiwa.