Ghala, gereji, nyumbani

Kila ninapofundisha haus, dansi ya klabu inayokwenda na muziki wa jina hilohilo, naanza na Home, dansi ya jukwaani ambayo Rennie Harris aliitungia kampuni ya dansi ya Alvin Ailey ya New York. Kwanza nawatajia wanafunzi tarehe.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza 1 Desemba 2011, Siku ya UKIMWI Duniani. Ailey mwenyewe alifariki tarehe hiyohiyo mwaka 1989, akiwa na miaka 58. Daktari alitangaza ugonjwa wa damu, kwa ombi la Ailey, ili mama yake asinyooshewe vidole. Ulikuwa UKIMWI.

Harris angeweza kumlilia msanii huyu Mweusi, mpenzi wa wanaume, kwa hatua za taratibu na nguo nyeupe. Alichagua haus, na hapo ndipo heshima yenyewe ilipo. Jina hilo husemwa lilitokana na Warehouse, yaani Ghala, klabu ya Chicago ambako Frankie Knuckles alianza kupiga santuri mwaka 1977. New York, Larry Levan alishika usukani wa santuri katika klabu ya Paradise Garage, iliyokuwa gereji kweli. Wote wawili walikuwa Weusi na wapenzi wa jinsia moja, na wengi waliojaa sakafuni walikuwa kama wao. Kwingine hawakuwa na pa kucheza kwa amani.

Sasa itazame miguu. Kiwiliwili kinafuata pigo kubwa, kifua kikiingia na kutoka. Miguu inajaza nafasi iliyobaki kati ya pigo na pigo, mapigo 120 hivi kwa dakika au zaidi. Uzito uwe mbele ya nyayo: ukikalia kisigino, umeshaachwa. Mwanafunzi wa baleti huteseka hapa, maana amefunzwa kuikimbia ardhi. Wa amapiano hushika upesi, na si ajabu. Amapiano ni mjukuu wa haus hiyohiyo kupitia Afrika Kusini.

Muziki wa Dennis Ferrer na Raphael Xavier una harufu ya kanisani. Wachezaji wanasongamana, mmoja anachomoka, anajimwaga peke yake, kisha kundi linammeza tena. Klabuni ilikuwa hivyo pia.

Nina lawama moja tu. Jukwaani wachezaji hutugeukia sisi tulionunua tiketi. Kule gereji walitazamana wao kwa wao. Kwa hiyo darasani nafunika vioo kwa shuka, nawapanga duara, na anayekuja kutazama tu namwomba asubiri nje.