Vitone vya kaboni: si kila king'aacho ni kitone

Vitone vya kaboni ni chembe za kaboni za nanomita chache tu, zinazong'aa zikimulikwa. Hizi ni dhana potofu kuvihusu.

Dhana: mchanganyiko uking'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno, vitone vimepatikana.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Njia iliyozoeleka ni kuyeyusha gramu 1 hivi ya asidi ya sitiriki (ndiyo unga wa ndimu) katika mililita 10 za maji, kutia mikrolita 335 za ethilinidiamini (kimiminika cha jamii ya kemikali ziitwazo amini), kisha kupasha moto ndani ya kopo la Tefloni lililofungiwa kwenye silinda ya chuma, nyuzi 200 kwa saa 5. Hutoka maji ya kahawia yanayong'aa vikali. Lakini vitu hivyo viwili huzaa pia molekuli ndogo, IPCA, yenye uzito wa dalton 180 tu (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), nayo ndiyo yenye sehemu kubwa ya mwanga ule.

Kuchuja kwa chujio la mikromita 0.22 hakuitoi, inapita pamoja na vitone. Tia mchanganyiko katika mfuko wa utando wa dalton 1,000, unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza vitone, uuzamishe katika maji safi, na uyabadilishe kila baada ya saa chache kwa siku mbili au zaidi. Kila mara mulika maji unayomwaga. Yakiwa bado yanang'aa, endelea. Mfuko ukififia huku maji ya nje yakiwaka, basi uliyemsifu alikuwa IPCA. Na ukiruka usafishaji huu, ethilinidiamini iliyobaki itaua seli, lawama ziende kwa vitone visivyo na kosa.

Dhana: buluu hiyo itaonekana hata ndani ya mwili.

Haionekani. Hemoglobini, yaani rangi nyekundu ya damu, huumeza mwanga huo, na tishu zenyewe hung'aa rangi hiyo hiyo. Kwa mnyama hai, lenga mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hadi 950, yaani mwekundu hadi infraredi ya karibu.

Dhana: kaboni ni ya asili, haina madhara.

Umbo na ukubwa ndivyo huamua. Figo huchuja chembe zisizozidi nanomita 5.5 hivi, ukihesabu na protini zilizozigandia. Kubwa zaidi hurundikana kwenye ini na wengu. Aina moja ya mirija nano ya kaboni (mirija myembamba mno), mirefu na migumu, iliwekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2014 katika kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani.

Dhana: "C dots" zimeshajaribiwa kwa wagonjwa Marekani, kwa hiyo njia ni nyeupe.

Jina linapotosha. Zile zilizoruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2011 kuingia majaribio ya binadamu ni za Chuo Kikuu cha Cornell, na zimetengenezwa kwa silika, si kaboni.