Kiashiria cha uhai ni nini, na kwa nini gesi moja haitoshi

Kiashiria cha uhai ni kitu chochote kinachopimika, iwe gesi, kemikali au umbo ndani ya mwamba, ambacho kisingekuwepo kwa kiasi hicho bila viumbe kukitengeneza. Uzito wote uko kwenye hilo neno "bila". Oksijeni ikionekana kwenye sayari ya mbali haijathibitisha kitu, mpaka njia nyingine zote za kuipata zichunguzwe na kuondolewa.

Tuanze na Dunia. Hewa yetu ina oksijeni karibu asilimia 21, na methani kama sehemu 2 tu katika kila milioni. Hizo sehemu 2 ndizo za kushangaza. Methani ikikaa na oksijeni huvunjwavunjwa hadi kuwa kaboni dioksidi na maji, na kwa wastani haimalizi hata miaka 15 hewani. Maana yake kuna kinachoijaza upya kila siku, na sehemu kubwa hutoka kwa vijidudu vya kwenye vinamasi na matumboni mwa wanyama wanaocheua. Chombo cha anga cha Galileo kilipopita karibu na Dunia Desemba 1990, mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake walivisoma vipimo vyake kana kwamba sayari hii hawaijui. Jozi hiyo ya gesi ilikuwa kati ya hoja zao nzito.

Kwa sayari ya nyota nyingine, husubiriwa ipite mbele ya nyota yake. Mwanga kidogo hupenya kwenye hewa yake, na kila gesi hufyonza rangi zake maalumu. Ugumu uko kwenye vipimo: kwa anayetazama kutoka mbali, Dunia ikipita mbele ya Jua huziba chini ya asilimia 0.01 ya mwanga, na hewa ni utando mwembamba tu kwenye ukingo wa kivuli hicho. Kwa hiyo hukusanywa mapito mengi. Hata hivyo, madoa baridi ya nyota yenyewe yanaweza kuwa na mvuke wa maji, ukadhaniwa ni wa sayari.

Kosa la kawaida ni kuiamini oksijeni haraka. Karibu na nyota kibete nyekundu, yaani nyota ndogo zisizo na joto kali kama Jua, miali ya urujuanimno huweza kupasua mvuke wa maji; hidrojeni, kwa wepesi wake, hutorokea angani na oksijeni hubaki nyuma. Miali hiyo hiyo ikipasua kaboni dioksidi huacha oksijeni pamoja na kaboni monoksidi, kwa hiyo kaboni monoksidi ikiwa nyingi, ishuku oksijeni hiyo kwanza. Methani nayo hutoka hata kwenye miamba inayokutana na maji ya moto.

Mirihi ilitoa fundisho la namna hiyo. Mwaka 1976 vyombo vya Viking vililowesha udongo kwa virutubisho, na gesi ikatoka kama vile kuna kinachokula. Lakini kifaa kingine, kilichoupasha udongo moto, hakikupata mabaki ya kikaboni ya kuthibitisha. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta chumvi za perkloreti, ambazo zikipashwa moto huharibu mabaki hayo.

Kosa la upande wa pili ni kuipita sayari yenye uhai. Dunia ilikuwa na vijidudu muda mrefu kabla oksijeni haijaanza kujaa hewani, miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita. Kwa sayari ya aina hiyo, jozi ya kutafuta ni methani nyingi pamoja na kaboni dioksidi, huku kaboni monoksidi ikiwa haba.