Nukta nyekundu ya bastola si leza

Siku hizi kifaa chochote chenye wekundu juu ya bastola kinaitwa leza. Muuzaji anakiita hivyo, mwandishi wa habari anakiita hivyo, na mwenye leseni aliyebeba silaha miaka mingi anaagiza "ile leza ya kioo", kisha analetewa kitu ambacho hakukitaka. Hivi ni vifaa viwili, na anayevichanganya anatoa pesa nyingi kwa kifaa kisichotatua shida yake.

Maana zake ni fupi. Leza inatupa mwali wa mwanga hadi kwenye shabaha, na doa unaliona kule ukutani. Kilengeo cha nukta nyekundu hakitupi kitu chochote kwenye shabaha. Ndani yake kuna taa ndogo ya LED inayomulika kioo kilichopakwa utando maalumu, na kioo kinaurudisha ule wekundu kwenye jicho lako wewe mlengaji. Ni kama unavyoiona taa ya chumbani ndani ya kioo cha dirisha usiku, ikionekana kuning'inia nje uani ilhali haipo huko.

Hata historia inakataa jina hilo. Wazo la kulenga kwa nukta iliyoakisiwa kwenye kioo lilitolewa na Howard Grubb wa Dublin mwaka 1900. Marubani wa ndege za kivita walilenga kwa vioo vya namna hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilipoanza kuuza nukta ya umeme kwa ajili ya bunduki katika miaka ya 1970, ilikuwa inaendeleza kazi ya Grubb, wala haikuhitaji leza. Kuna aina moja tu inayoleta utata wa haki, nayo ni kilengeo cha holografia (picha inayochorwa kwa mwanga wa leza) kama cha kampuni ya EOTech, ambacho kweli kina leza ndani yake. Lakini mwanga ule unaishia kwenye kioo, hauendi kumwangukia mtu, na kifaa chenyewe ni kikubwa mno kwa bastola ya kubeba kiunoni.

Anayebisha ajaribu mwenyewe. Toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu, na risasi zote ziwe chumba kingine. Bandika utepe mweusi mbele ya kioo cha kilengeo, upande wa shabaha. Lenga ukutani macho yote mawili yakiwa wazi: nukta bado utaiona, na ubongo utaiweka juu ya ukuta kana kwamba utepe haupo. Sasa ziba tundu la leza kwa utepe uleule. Doa linatoweka papo hapo. Kisha toa utepe, shusha bastola hadi usawa wa kiuno na uielekeze ukutani. Doa la leza litaonekana kule, lakini nukta ya kioo hutaiona kabisa, kwa sababu jicho lako haliko nyuma ya kioo.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ununue nini. Ukiwa na nukta, lazima uinue bastola hadi usawa wa jicho, na macho yako yabaki kwa mtu aliye mbele, yaani anachofanya na anachoshika. Kwa mtu aliyepita miaka 45, ambaye jicho lake haliwezi tena kukaza kilengeo cha chuma kilicho mwisho wa mkono, huu ni msaada mkubwa. Leza inakuruhusu kulenga bila kuinua bastola, jambo linalomfaa aliyeumia bega au aliyekwama sakafuni. Ila inakufanya ulitafute doa. Mchana wa jua kali doa jekundu linafifia baada ya mita chache tu. La kijani linaonekana vizuri zaidi, maana jicho la binadamu lina hisia kali kwa mwanga wa karibu nanomita 555, na leza ya kijani iko kwenye 520 hivi wakati nyekundu iko 635 hadi 650. Doa pia linatetemeka pamoja na mkono, na mpigaji asiyezoea hungoja litulie kisha anakivuta kifyatulio kwa pupa, na risasi inaenda chini.

Leza haiko kwenye mstari wa mtutu. Ikifungwa sentimita 4 chini yake na kurekebishwa ili mistari ikutane mita 10, basi kwa mita 20 risasi itapiga karibu sentimita 4 chini ya doa. Nukta nayo iko juu ya mtutu kwa karibu sentimita 3, hivyo kwa mita 3 risasi hupiga sentimita 2 au zaidi chini ya ulipolenga. Hapa ndipo wengi wanaposema kifaa ni kibovu, kumbe hawakuelezwa.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa dakika za pembe, na dakika 60 hufanya digrii moja. Dakika moja kwa mita 25 ni milimita 7 na kidogo. Nukta ya dakika 6 inafunika sentimita 4.4 kwa umbali huo, na kwa bastola ya kujilinda ndiyo ninayoipendelea kuliko ya 3, kwa sababu jicho linaidaka haraka. Kwenye vilengeo vingi mbofyo mmoja wa skrubu ni dakika moja. Risasi zikikusanyika sentimita 7 kushoto kwa mita 25, peleka mibofyo 10 kulia. Kosa hilohilo la sentimita 7 likionekana kwa mita 10, linadai mibofyo 24.

Nukta ikionekana kama koma au nyota yenye miguu, usikimbilie kuirudisha dukani. Ipige picha kwa simu. Kama kwenye picha ni ya duara, tatizo ni jicho lako, yaani astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho), na miwani sahihi inaweza kusaidia. Kama imechanua hata kwenye picha, punguza mwanga wake kwanza, kisha angalia kama kuna tone la maji au nyuzi za nguo juu ya ile taa. Aina iliyo wazi, ambayo taa yake haikufunikwa, huziba hivyo kwenye mvua. Iliyofungwa pande zote, kama Aimpoint ACRO ya mwaka 2019, haina shida hiyo, ingawa matone bado yanaweza kukaa juu ya kioo cha nje.

Ufungaji ndio unaowaangusha wengi. Bastola za Glock za aina ya MOS, zilizoanza kutoka mwaka 2015, zina mkato tayari kwenye slaidi na mabamba ya kuchagua ya kufungia kilengeo. Bastola za Ceska za zamani hazina mkato wowote, na kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni na mashine, si ya mtu mwenye tupa. Skrubu zifutwe mafuta, zipakwe gundi ya buluu ya kuzuia skrubu zisilegee, zikazwe kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji, ambayo mara nyingi ni kama nyutonimita 1.4. Ukikaza kwa hisia zitakatika au kulegea. Kwenye Glock, skrubu ndefu kupita kiasi hugusa njia ya pini inayosukuma kichomoa ganda, na bastola inaanza kubakiza maganda. Weka pia vilengeo vya chuma virefu vinavyoonekana ndani ya kioo, ili betri ikifa usibaki bila pa kulengea. Betri ibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka.

Vile vidoa vya kijani vinavyowaka gizani kwenye vilengeo vya chuma navyo si leza. Hiyo ni tritiamu, gesi ya mionzi inayowasha rangi ya ndani bila betri na kupoteza nusu ya nguvu kila miaka 12.3. Vile vya nyuzi za plastiki ni kitu kingine tena: vinakusanya mwanga wa mchana, na gizani havina kazi. Wala hakuna kati ya vyote hivi kinachokuonyesha aliyesimama gizani ni jambazi au ni mwanao. Hiyo ni kazi ya tochi, na mimi ningeinunua kabla ya kioo chochote.

Kwa hiyo ukiingia dukani usiulize kama wana leza. Sema unataka kilengeo cha nukta cha dakika 6, kilichofungwa pande zote, na uulize kinakaa kwenye bamba lipi la bastola yako. Ukitaka leza yenyewe, itaje kwa jina lake na useme inafungwa chini ya mtutu au kwenye mpini. Na ndugu zetu waandishi, polisi wakionyesha bastola iliyokamatwa ikiwa na kioo kidogo juu ya slaidi, andikeni kilengeo cha nukta nyekundu.