Je, wajua kwa nini sonona ya mzee, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hudhaniwa ni usahaulifu wa uzee?

Mzee ameacha kwenda kuzungumza na wenzake, chakula anakigusa tu, usiku hapati usingizi. Ukimuuliza jana alikula nini, anakujibu, "Sijui." Nyumbani wanasema ni uzee, na mambo yanaishia hapo.

Usahaulifu huo unaweza kuwa demensia, yaani ubongo kudhoofika mwaka hadi mwaka, ambayo aina zake nyingi bado hazina dawa ya kuziponya. Lakini unaweza pia kuwa sonona, na sonona inatibika. Kumbukumbu huanzia kwenye usikivu. Mtu aliyelemewa na mawazo husemeshwa, lakini maneno hayamwingii, hivyo kesho yake hana cha kukumbuka. Isitoshe, wazee wetu wengi hawasemi "nina huzuni". Husema kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, moyo unakwenda mbio. Zahanati inawapa dawa ya maumivu, wanarudi nyumbani na sonona yao.

Zipo dalili za kutenganisha hali hizi mbili. Sonona mara nyingi huingia ndani ya wiki au miezi michache, pengine baada ya kufiwa na mwenzi, na mgonjwa mwenyewe hulalamika kwamba anasahau. Demensia hunyemelea. Mwenye nayo hukana, hutafuta visingizio, na siku moja hupotea njia ya shamba aliyoipita tangu ujana. Tatizo ni kwamba zote mbili huweza kumpata mtu mmoja. Tena, ripoti ya mwaka 2024 ya kamisheni ya jarida la tiba la Lancet iliitaja sonona miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, pamoja na upweke, shinikizo la damu, masikio mazito na elimu ndogo. Hesabu mwenyewe ni mangapi kati ya hayo yanamkuta bibi aliyebaki peke yake kijijini, watoto wote wakiwa mjini.

Sasa utampimaje mtu ambaye hajawahi kushika kalamu? Vipimo vingi vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka achore saa au aandike sentensi. Asiyesoma atashindwa hata kama akili yake ni timamu, jambo ambalo kwa kweli si haki. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti wa vijiji sita uliochunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi ulikuta demensia kwa takriban asilimia 6.4. Baadaye, hukohuko Hai, watafiti walitengeneza kipimo kinachofaa kijijini: mzee anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliooneshwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na anakumbuka orodha ya maneno aliyosomewa. Kalamu haihitajiki.

Kwa hiyo mzee akianza kusahau, apelekwe hospitali na mtu anayeishi naye, maana ndiye anayejua mabadiliko yalianza lini. Ombeni apimwe shinikizo la damu, sukari, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12, pia masikio na macho. Na daktari aulizwe waziwazi kuhusu sonona, kwa sababu asipoulizwa huenda asiigusie.