Ngome za Mto Rhine hutazamwa kutoka majini

Katika kazi yangu ya kuongoza wageni kwenye bonde la Mto Rhine nchini Ujerumani, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini ngome zimesongamana mahali pamoja. Kati ya Bingen na Koblenz, kwenye kipande cha kilomita 65 hivi kilichoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002, zimesimama ngome na magofu yapatayo 40. Sababu kubwa ni ushuru. Hapa mto unapenya kati ya milima, bonde linabana, na mfanyabiashara aliyepakia divai au nafaka hakuwa na pa kuwakwepea wenye ngome. Ndiyo maana nawasihi wageni wasiridhike na kupita kwa treni, kwa kuwa kuta hizi zilijengwa ili zionekane, na ziogopwe, na mtu aliye chomboni.

Pa kulielewa jambo hili ni mji wa Kaub. Katikati ya maji, juu ya mwamba, ipo ngome ya Pfalzgrafenstein, ambayo mnara wake wa pembe tano ulijengwa kuanzia mwaka 1327 kwa amri ya Mfalme Ludwig wa Bavaria, ingawa Papa Yohane wa 22 aliupinga ushuru wake; baadaye mnara huo ulizungushiwa ukuta wa pembe sita. Ukija na mkondo, tazama kona ya ukuta inayokuelekea: imechongoka kama omo ya jahazi, ili ipasue maji na mapande ya barafu ya majira ya baridi. Kisha inua macho upande wa kulia uione ngome ya Gutenfels mlimani, na chini yake mji wenyewe. Mnyororo ulitandazwa kuvuka njia ya vyombo, na asiyelipa hakupita. Ushuru huo ulidumu hadi miaka ya 1860. Ni hapo hapo pia ambapo Jenerali Blücher wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, usiku wa kuamkia mwaka 1814, alianza kulivusha jeshi lake kumfuata Napoleon.

Mbele kidogo ni jabali la Loreley, lenye kimo cha mita 132, ambapo mto unajikunja na kuwa mwembamba. Wageni wengi humtafuta binti wa hadithi anayechana nywele na kuwapumbaza mabaharia hadi vyombo vyao vigonge mwamba. Mimi huwaonyesha taa za ishara zilizopangwa ukingoni kati ya Oberwesel na St. Goar, ambazo humjulisha nahodha anayepanda mto kwamba kuna chombo kinachoshuka nyuma ya kona asichoweza kukiona. Hatari iliyozaa hadithi hiyo bado ipo.

Si kila ukuta ni wa kale kama unavyoonekana. Rheinfels, iliyoanzishwa mwaka 1245, ilistahimili kuzingirwa na jeshi la Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwaka 1692, kisha ikalipuliwa na Wafaransa baada ya kusalimishwa kwao mwaka 1794. Magofu yake ni ya kweli. Stolzenfels, kinyume chake, ilijengwa upya juu ya magofu katika karne ya 19 kwa matakwa ya mwana wa mfalme wa Prussia aliyezitamani enzi za mashujaa wa farasi. Napenda zote mbili, lakini ni Marksburg, juu ya mji wa Braubach, ambayo haikuwahi kubomolewa, na ndiyo pekee ninayosisitiza mtu ashuke chomboni na kuipanda.

Kwa hiyo anzia Bingen ushuke na mkondo hadi Braubach. Wanaopanda mto huenda polepole na hupata muda mrefu wa kupiga picha, lakini huikuta Kaub kwa mgongo. Usafiri wako ukiangukia mwishoni mwa kiangazi au katika vuli, ulizia kina cha maji kabla ya kulipa: Oktoba 2018 kipimo cha Kaub kilishuka hadi sentimita 25, na ingawa kipimo hicho si kina halisi cha njia ya meli, maji yakipungua kiasi hicho ratiba huvurugika.